Babu Alizaliwa Hapa Hapa

Jumamosi ile Bazilio alikuwa uani anapiga maharage. Maganda makavu yalirukaruka, vumbi likamjaa kwenye nyusi. Tangu mkewe Vestina afariki, huu mwaka wa tatu, kazi zote za uani zilikuwa zake. Alipiga maharage, aliloweka muhogo, alisonga ugali. Majirani wa kijiji cha Rusenyi, kata ya Nyakitonto, walikuwa wameshachoka kumcheka.

Binti yake, Immakulata, alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, daftari mapajani. Alikuwa darasa la sita.

"Baba, babu alizaliwa wapi?"

Fimbo ya Bazilio ikasimama hewani. Akatupa jicho barabarani. Hakuna mtu.

"Nani amekutuma kuuliza?"

"Mwalimu Hashimu. Ni kazi ya somo la historia. Tuandike familia zetu zilifikaje hapa kijijini."

"Zilifikaje? Nani kamwambia zilifika? Andika hivi. Babu alizaliwa hapa hapa. Bibi alizaliwa hapa hapa. Bibi mzaa mama alizaliwa hapa hapa. Nukta."

"Lakini bibi Nduwayezu mbona akiongea..."

"Nimesema nukta!"

Immakulata akaandika. Mistari mitatu tu. Daftari likafungwa.

Msomaji asimshangae Bazilio. Huku ni karibu na mpaka. Siku za kuandikisha vitambulisho, watu waliulizwa maswali mengi. Babu yako nani? Kazikwa wapi? Bibi yako je? Aliyeyumba kidogo aliambiwa asubiri. Bazilio ni Muha wa huku huku, lakini alikosea neno moja. Alisema babu yake alirudi kutoka Tanga, alikokwenda kuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge. Ofisa akalidaka neno "alirudi". Alirudi kutoka nchi gani? Bazilio akasubiri kitambulisho miaka minne, kana kwamba Tanga iko ng'ambo.

Basi kila nyumba ikafanya mazoezi ya majibu, kama kwaya inayojiandaa kwa Pasaka. Wakubwa walipenda jibu fupi. Wananchi wakawapa jibu fupi.

Jumatatu Immakulata alirudi kabla ya saa sita. Hakusalimia. Alitupa mkoba wake mlangoni.

"Umefukuzwa?" Bazilio aliuliza.

"Mwalimu amesoma madaftari yetu. Tuko arobaini na watatu. Yote yanasema babu alizaliwa hapa hapa."

"Si vizuri? Mmeelewana."

"Watoto walicheka, baba. Halafu mwalimu akauliza kijiji kilianza mwaka gani. Tukasema elfu moja mia tisa sabini na nne, imeandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji. Akasema, kumbe Rusenyi hakuna babu aliyefika miaka sitini! Na mzee Tharsisi mwenye meno mawili?"

Bazilio alitaka kucheka. Akaona macho ya mtoto, akaacha.

"Pacifique wa kwa Niyonzima akasimama. Akasema bibi yangu mzaa mama ni mkimbizi, ndiyo maana wewe umenifundisha uongo. Ni kweli?"

Bazilio akainama kuokota mkoba.

"Baba, ni kweli?"

"Mambo ya wakubwa hayo."

"Basi mimi shule siendi tena. Nisimame mbele ya watu niseme nini, na mwenyewe sijui?"

Jumanne alfajiri alichukua jembe, akaenda shamba. Jumatano vilevile. Alilima vizuri kuliko siku zote, na hilo ndilo lililomtisha Bazilio. Vestina alipokuwa hoi, hakuomba mali wala nyumba ya bati. Alimshika mumewe mkono akasema, "Ima amalize shule." Sasa Ima anapalilia muhogo, na aliyemtoa darasani ni baba yake mwenyewe kwa mistari mitatu.

Lakini kujilaumu ni kazi ngumu. Bazilio akaona ni rahisi kumlaumu mwalimu.

Alhamisi jioni mwalimu Hashimu alikuja mwenyewe, anasukuma baiskeli. Alikuwa mtu wa Ujiji, mwembamba, shati limepauka kwa jua.

"Hodi hapa! Mwiriwe, mzee Bazilio," akatoa salamu ya jioni kwa Kiha.

"Umekuja kumalizia uchunguzi?" Bazilio hakuinuka. "Babu mmeshamuulizia. Bado nini? Mbuzi wangu nao walizaliwa wapi?"

"Mzee, naomba kiti."

"Viti wanavyo wakubwa. Hapa kuna kigoda."

Mwalimu akakaa kwenye kigoda, magoti yakamfika kidevuni. Immakulata alikuwa jikoni. Vyungu viliacha kugongana, ikajulikana anasikiliza.

"Nimekuja kuomba radhi," mwalimu alisema. "Kosa ni langu. Niliwapa watoto maswali bila kuwaita wazazi kwanza. Sikufikiri kwamba maswali yangu yanafanana na yale ya vitambulisho."

Bazilio hakuwa amezoea kuombwa radhi na mtu mwenye kalamu mfukoni.

"Sasa hiyo historia ya nini?" akauliza. "Si mna vitabu? Au vimeliwa huko juu?"

"Vitabu vipo vichache. Na hivyo vilivyopo vinaeleza nchi nzima. Vinaeleza wakoloni, uhuru, viongozi. Ni vizuri, na lazima mtoto ajue. Lakini kilima cha Rusenyi hakimo. Manamba kutoka kijiji hiki hawamo. Somo linataka mtoto aanze na kwao, halafu aende mbali. Wasiposimulia wenyeji, nani ataandika?"

"Na akishaandika? Kesho anakuja mtu na gari, anataka daftari. Anasema, ahaa, huyu mkwewe alitoka ng'ambo."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa. "Siwezi kukuapia kwamba hakuna mtu mbaya mwenye gari. Ninachoweza ni hiki. Mtoto anaandika kile anachokubali msimulizi. Mzazi anasoma kabla daftari halijaja shuleni. Mnachotaka kibaki nyumbani, kibaki. Hatuandiki namba za vitambulisho. Mimi namfundisha mtoto kuuliza, kusikiliza na kulinganisha. Simpimi damu."

"Kulinganisha nini?"

"Masimulizi. Akiuliza mtu mmoja, aulize na wa pili. Aandike nani kasema, na alikuwa na umri gani wakati huo. Wakitofautiana, aandike yote mawili, asichague tamu. Aulize, kuna kitu cha kuonyesha? Kisima, kaburi, cheti, jembe la zamani. Hiyo ndiyo historia, mzee. Ile mistari mitatu ilikuwa ngao. Naelewa kwa nini mliishika. Lakini mtoto amesimama nyuma ya ngao, haoni mbele."

Bazilio alichora chini kwa kidole. "Mimi sikusoma zaidi ya darasa la nne. Siwezi kumsimulia."

"Kusimulia hakuna darasa. Na bibi yake yupo?"

"Yupo. Lakini yule ni mama mkwe wangu. Siwezi kumkalia mbele nimuulize alikotoka."

"Basi asiulize mkwe," mwalimu alisema. "Aulize mjukuu."

Jumamosi Bazilio alimpeleka Immakulata kwa bibi Nduwayezu, ng'ambo ya kijito. Alikuwa hajakanyaga uani pale tangu matanga ya Vestina. Kwa desturi ya huku, mkwe na mkwewe huheshimiana kwa umbali. Hawali pamoja. Hawatazamani usoni. Hata jina hawatajani. Bazilio akasalimu kutoka mlangoni, macho chini, akazunguka nyuma ya nyumba. Akakaa chini, mgongo ukutani. Ukuta ulikuwa wa udongo, na sauti ilipita bila shida.

"Bibi, ulizaliwa wapi?" Immakulata aliuliza ndani.

Bazilio akasogeza sikio ukutani.

"Hapa hapa," bibi alisema.

"Bibi."

"Ndivyo tulivyofundishwa tuseme."

"Baba amekubali. Usipotaka niandike, siandiki."

Bibi alicheka kidogo, kicheko cha kuchoka. "Andika. Uraia nilipewa, cheti kimo kwenye sanduku, nitakuonyesha. Nimechoka kuzaliwa hapa hapa."

Akaanza. Alizaliwa Burundi. Mwaka sabini na mbili alikuwa na miaka tisa. Watu waliuawa. Baba yake alitoka asubuhi asirudi. Mama yake akawashika mikono yeye na kaka yake, wakatembea, wakijificha kwenye matete. Walivuka mpaka upande wa Munanila. Siku ya tano walifika kwenye mji wa familia moja juu ya kilima, kile kinachoonekana kutoka shuleni.

"Mwenye mji hakuuliza jina letu. Mkewe alitupatia uji wa mtama. Tukakaa siku moja, ikawa miaka. Tulilima naye."

"Mkashukaje hapa barabarani?"

"Operesheni. Lilikuja lori na watu wa serikali. Wakasema wote washuke, wakae pamoja, kutakuwa na shule na zahanati. Shule ilikuja. Zahanati..." Bibi akaguna. "Nyumba zikabomolewa sisi tukitazama. Ilikuwa kiangazi. Yule mama alikuwa na mzigo kichwani na mimba kubwa. Akanifunga mgongoni mtoto wake wa kiume. Nikashuka naye kilima chote. Alikuwa mzito kama jiwe la kusagia! Akanikojolea mara mbili."

Immakulata alicheka hadi kalamu ikaanguka. "Alikuwa nani huyo, bibi?"

"Jina lake silitaji."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu alikua, akaja kumwoa binti yangu. Sasa yuko nyuma ya ukuta, anajifanya hasikii."

Bazilio alijifunika uso kwa kofia. Mama yake alikufa bila kumwambia. Mkwewe alinyamaza miaka yote, kwanza kwa heshima, halafu kwa hofu. Yeye mwenyewe alikuwa amemfuta mama huyu kwenye daftari kwa nukta moja. Akalia kimyakimya, na hakujua ni kwa ajili ya nani zaidi.

Walipokuwa wanarudi Immakulata aliuliza, "Niandike na ile ya kukojoa?"

"Msimulizi amesema nini?"

"Amesema niandike."

"Basi." Wakapiga hatua kadhaa. "Na mzee Tharsisi ukamuulize. Mwalimu anataka watu wawili. Na mimi nitakueleza habari za manamba wa Tanga. Jumatatu unakwenda shule?"

"Jumatatu ni kesho kutwa, baba. Daftari litakuwa halijajaa."

"Jaza kesho."

Wiki mbili baadaye mwalimu Hashimu aliwaita wazazi wasikilize watoto wakisoma. Kiongozi mmoja wa elimu aliahidi kufika. Hakufika, na Bazilio hakushangaa. Wazazi walijaa darasani, wengine wakasimama madirishani. Bibi Nduwayezu alikaa nyuma kabisa, upande wa wanawake.

Zamu ya Immakulata ilipofika, alisoma kwa sauti ya juu kidogo kuliko kawaida yake.

"Aliyenisimulia ni bibi yangu Nduwayezu. Wakati wa operesheni alikuwa na miaka kumi na moja. Mzee Tharsisi naye alinisimulia. Alikuwa kijana wa kuoa. Bibi anasema watu walishuka kilimani wakati wa kiangazi. Mzee Tharsisi anasema mvua zilikuwa zimeanza. Nimeandika yote mawili."

Mzee Tharsisi akaitikia, "Mvua! Nilitelezaaa!" Watu wakacheka.

Akasoma Burundi. Akasoma matete na uji wa mtama. Kisha akafika kwenye mtoto mzito aliyebebwa mgongoni, kicheko kikapasuka.

"Huyo kikojozi ni nani?" mama mmoja aliuliza dirishani. "Yuko hai?"

Immakulata akainua macho kumtazama baba yake. Jina hilo hakuliandika.

Bazilio akasimama. Akavua kofia, kama siku ile mbele ya meza ya ofisa. "Ni mimi," alisema. "Mtoto niliyebebwa ni mimi. Na aliyenibeba ni mama yake mke wangu. Hakuzaliwa hapa. Hata mimi sikuzaliwa hapa, nilizaliwa kule juu. Hapa tuliletwa wote."

Hakuna aliyecheka. Bibi Nduwayezu alitazama chini, kama desturi inavyotaka, lakini wanawake waliokaa karibu naye walimwona akipiga makofi polepole, yale ya kusalimiana.

Immakulata akarudi kwenye dawati lake. Pacifique akamsogezea nafasi.

Watoto wengine waliendelea kusoma "hapa hapa" zao, baba zao wakijikunakuna. Mkutano ulipokwisha, Niyonzima, baba yake Pacifique, alibaki mlangoni mpaka watu wakapungua. Alimvuta mwalimu Hashimu pembeni.

"Mwalimu, ule ukurasa wa mwanangu uchane. Mama yangu yupo nyumbani, na akili zake ni nzima. Jumatatu Pacifique ataleta mwingine."

"Na wangu," mtu mwingine akasema nyuma yake.

"Na wangu," akasema wa tatu.