Kalamu za Mwalimu Zamda

Asubuhi ile Sikudhani alikuwa akimfunga mama yake vifungo vya blauzi. Vidole vya mama vililala mapajani kama vya mtu mwingine.

"Leo ndiyo wanaufuta mkono wako kwenye bangili," Sikudhani alisema.

"Waache wafute. Mkono wenyewe si ulishaniaga zamani?" Mama akacheka, ila cheko lenyewe halikufika mbali.

Shuleni, pale Singida Mpya chini ya mapanga ya umeme wa upepo, darasa zima lilikuwa linaandika. Kila mwanafunzi alivaa bangili-mwongozo. Bangili hiyo hupitisha umeme mdogo kwenye misuli, vidole vikaenda vyenyewe: mwandiko wa kuunganisha, herufi zimeshikana toka mwanzo wa neno hadi mwisho. Ilibuniwa kwa sababu watoto waliokulia kwenye vioo vya kugusa walikuwa hawajui hata kushika kalamu. Na kila mstari ulipoisha, kalamu zote ziligonga dawati mara mbili. Ko-ko.

Hakuna aliyejua kwa nini, ila Sikudhani. Mkono uliokuwa ndani ya bangili zote ni wa mama yake, Mwalimu Zamda. Enzi za kufundisha, kalamu zake za wino zilikuwa zinakwama, akazoea kuzigonga kila mwisho wa mstari. Kampuni ya Hati Safi ilimkalisha kwenye kinasa-misuli miezi kadhaa, ikachukua mwandiko, ikabeba na mazoea yake. Alipotoka, vidole havikujua tena kuandika hata jina lake. Kampuni ikasema ni uzee. Uzee gani, mtu hajafika hata hamsini?

Fundi wa Hati Safi akaingia, ananukia manukato.

"Leo tunaweka mwandiko mpya, hauna ile kasoro ya kugonga-gonga. Leteni bangili."

"Siyo kasoro."

Sikudhani alishtuka kusikia sauti ni yake. Humu darasani hata akiitwa jina huwa anainua mkono tu.

"Eeh! Bubu kasema!" Mkumbo aliropoka kutoka nyuma. Darasa likacheka.

"Ni mazoea ya mama yangu," Sikudhani aliendelea, masikio yanamuwaka.

"Mama alisaini, mdogo wangu," fundi alisema.

"Alisaini mchukue mwandiko. Vidole hakusaini."

Fundi akatabasamu. "Haya, vua bangili uandike. Nyie bila hii hata kuchora nyoka hamuwezi."

Sikudhani akaivua, akamwekea fundi kiganjani. Mkono ukawa mwepesi. Herufi ya kwanza ililala chali. Ya pili ikaifuata. Halafu kifundo cha mkono kikakumbuka. Miaka yote hiyo misuli yake ilikuwa imepitishwa njia ileile, na ng'ombe aliyezoea njia ya kisimani hahitaji mchungaji. Herufi zikashikana: *Zamda Njiku*. Mwisho wa mstari kalamu ikainuka yenyewe.

Ko-ko.

Mkumbo akavua yake. "Hebu na mimi." Mwandiko wake ulikuwa wa kuku aliyetoka matopeni, lakini mwishoni, ko-ko. "Alaa! Kumbe mwandiko umo humu humu ndani!"

Wakavua wote. Fundi akazoa bangili zake, akazifuta moja moja, huku darasa zima linamgongea kalamu.

Jioni Sikudhani alimpachika mama kalamu, akaufumbata mkono wake kwa wa kwake, wakaandika pamoja. Mstari ulipoisha akalegeza makusudi, asisukume. Vidole vya mama vikangoja, vikangoja, vikashuka vyenyewe.

Ko.

"Moja bado," mama alisema, macho yamemjaa maji.

"Ya pili kesho."

Sikudhani akaupiga picha ukurasa, akawatumia Hati Safi: "Mmefuta bangili tu. Mkono wa Mwalimu Zamda tunao sisi, na tunamrudishia. Njooni mumuombe radhi, mlango hatufungi."

Alama ikaonyesha ujumbe umesomwa. Hadi leo hawajajibu.