Alama Tatu Chini ya Kitovu

Kompyuta ya Hared ilianza kunukia ubani adhuhuri ya Jumatatu, na kiwandani mwake pale mtaani Iftin hapakuwahi kunuka kitu ila ngozi za mbuzi na chumvi.

Ulikuwa mwaka uliofuata mafuriko. Wenye viwanda vya viatu Nairobi walimfungia dude hilo kwenye waya wa simu: oda inaingia, yeye anaandika IPO, ngozi zinapanda lori. Zamani alizigeuza ngozi moja moja sokoni akibishana mpaka koo likauke. Sasa alijibu hata kabla ya kumaliza kusoma, mvivu yule.

Oda ya siku hiyo haikuwa na jina la kiwanda. NGOZI MOJA. JIKE. LAINI. ALAMA TATU ZA MOTO CHINI YA KITOVU.

Mbuzi aliyechomwa kwa ugonjwa, akadhani. Akaandika IPO.

Alipofika nyumbani, mkewe Safiyo alikuwa ameshika tumbo. "Hared, makovu yangu." Matatu, aliyochomwa kwa moto utotoni kama dawa, alipougua manjano. "Kuna vidole vinanipima. Baridi."

Hared akakimbia kwa Maalim Jelle, anayewasomea wenye majini, akamweleza habari ya oda.

"Warya, wewe bwana! Umemuahidi jini ngozi ya mkeo, mjinga wewe. Rudi uandike HAIPO."

"Halafu?"

"Halafu anachukua ngozi ya aliyeahidi."

"Wallahi, Maalim, ndiyo njia pekee?"

"Ni mkeo huyo. Unauliza nini tena?"

Akarudi, akakaa mbele ya kioo cha kompyuta, na nyuma yake kisu cha kukwangulia ngozi kikaanza kukwangua peke yake, taratibu, na ubani ukamjaa kooni, naye akaandika H, akaandika A, akaitazama mikono yake iliyokuwa imesahau chumvi, mikono laini, mizuri, na kule nyumbani Safiyo akamwita kwa jina, mara moja tu, kama mtu anayeomba maji, naye akafuta, akaandika upya.

IPO.

Wanawake waliokuja kuosha maiti waliinua shuka, wakalirudisha, wakatoka nje kutapika.

Hata matanga hayajaisha, alikuwa kiwandani. Kioo kilikuwa kinawaka, na kisu bado kinakwangua.

IMEFIKA. LAINI KAMA ULIVYOSEMA.

Chini yake, oda mpya: NGOZI MOJA. DUME. MIKONO HAIJUI KAZI.

Hared akanyoosha kidole ili akatae. Jibu lilikuwa limekwisha kuandikwa, IPO, na nyuma yake kisu kilikuwa kimeacha kukwangua.