Vyungu Vilivyofunikwa

Jumanne, saa moja na dakika kumi asubuhi, Velma, mhudumu wa wazee, aliingia chumba namba kumi na nne na bakuli la uji, akakuta msumari mtupu ukutani. Picha ya kale ya Bi Karen, ile iliyochorwa kwa rangi, haikuwepo. Bi Karen mwenyewe, ambaye kiharusi kilimnyang'anya kauli mwezi uliopita, alikuwa ameukodolea macho ule msumari, machozi yakimchuruzika hadi shingoni.

Kufikia saa nne, nyumba hiyo ya wazee ya Coon Rapids ilikuwa imekwisha kumpata mwizi wake. Wanjohi, fundi mwenye ngazi, alishukiwa nusu saa tu, maana tangu Jumapili alikuwa kwake Brooklyn Center amelala na mafua. Kisha Brandon, msimamizi wa zamu, akamwongoza afisa wa polisi hadi kwenye kabati la Velma. Ndani mlikuwa na bahasha iliyofungwa kwa gundi. Afisa aliifungua peke yake, akamwita Velma ofisini. Velma akaomba Mwanasiti, mpishi, akae naye.

"'Mimi, Karen, nampa Velma picha ya mazishi ya bibi yangu,'" afisa alisoma. "Mfanyakazi haruhusiwi kupokea zawadi ya mgonjwa. Picha iko wapi?"

"Sijui. Na si ya mazishi. Karen aliniambia ni siku bibi yake alipozaliwa, huko Denmark."

Afisa aliitazama picha hiyo kwenye simu ya Velma, aliyekuwa ameipiga zamani: wanawake wenye shali nyeusi, wanaume wameinamisha vichwa, kitanda kimefungwa pazia. "Hapa pana furaha gani?"

Cheti cha uhudumu alichokisomea Velma miaka miwili kilikuwa kinamponyoka, na inauma kupokonywa kitu kwa uongo.

Mwanasiti aliichukua simu, akaikuza picha kwa vidole viwili. Alizaa watatu Mji wa Kale, Mombasa, hakuhitaji profesa.

"Tazama vizuri, afisa. Wanawake wote wanaingia na vyungu vilivyofunikwa. Wanaume wako nje, hawana kazi. Msiba ungewapa kazi: jeneza, kaburi. Na huyu kikongwe kando ya moto anapasha vitambaa vidogo. Maiti hapashiwi nepi. Huo ni uji wa mzazi. Kwetu pia hupelekwa hivyo."

"Na sura hizi?"

"Hawajui bado kama mama atapona."

Walikwenda kumwuliza Bi Karen. Kama ni mazishi, abane kidole mara moja. Kama ni uzazi, mara mbili. Alibana mara mbili, kwa nguvu iliyomshangaza afisa. Basi karatasi haikuwa yake. Wala Velma, aliyeujua ukweli, asingeandika vile.

Saa sita, Mwanasiti alipogawa chai, alimwuliza kila mfanyakazi picha ile ilikuwa ya nini. Wote walisema ni msiba, wasijue wa nani. Ndipo afisa akamwita Brandon, akamwuliza swali hilo hilo.

"Mazishi ya bibi yake," alisema Brandon. "Kila mtu anajua."

"Hakuna anayejua," alisema Mwanasiti. "Hayo ya bibi yake yamo kwenye karatasi tu, na bahasha ilikuwa imefungwa."

Brandon alitazama mlango. Picha ilikutwa garini mwake, chini ya blanketi. Mnunuzi mmoja alikuwa ameisifu wakati wa Krismasi, naye Brandon akaona njia ya kupata pesa.

"Auntie, hana family. Hawezi ku-talk. Nili-think hata haoni tena," Brandon alimwambia Mwanasiti, kwa Kiswahili chake cha kukulia ughaibuni.

"Bila shaka alipokuwa na kauli alianza kukueleza. Ulisikia 'bibi yangu', ukaona nguo nyeusi, ukaondoka. Velma alikaa akamsikiliza. Halafu ukataka kumtwisha yeye wizi wako."

Brandon alifunika uso.

Saa nane mchana Velma aliirudisha picha kwenye msumari. Mwanasiti alipika uji upya, akaufunika kwa kitambaa, akaupeleka mwenyewe. Bi Karen alikitazama kile kitambaa, akaitazama picha, kisha akainua mkono wake usiopooza akakifunua.