Mama Alipokatwa Kwenye Filamu

Kwenye kibanda cha mikate ya ini, mtaa wa Tawfikia, Hazim alikuwa akifoka kwenye simu kana kwamba Kairo nzima imeajiriwa naye.

"Filamu yangu ya kwanza itakuwa ya saa tatu! Sipunguzi hata dakika!"

"Saa tatu?" akadakia binti mwenye skafu ya kijani nyuma yake. "Watazamaji wamekukosea nini, ustadhi?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Hazim akageuka amekunja uso. Alipomwona, uso ukakunjuka wenyewe. Binti aliitwa Ragia, na kazi yake ilikuwa kuhariri filamu.

Baridi ilipoingia, Ragia alikuwa mhariri wake na "roho yangu" wake. Alhamisi wazee wangesoma Fatiha ya uchumba.

"Kata popote panapopwaya, mpenzi," Hazim alimwambia. "Hata usiniulize."

Mdomo huo ungemponza!

Siku ya kuwaonyesha jamaa filamu, mama yake Hazim, Bi Inshirahi, alitinga ukumbini na koti la madoa ya chui, bangili hadi kiwikoni, dada zake wakimfuata. Aliigiza shangazi wa bwana harusi, na mtaa wao wote wa Shubra ulikwisha kutangaziwa. Filamu ikaanza, ikaenda, ikaisha. Taa zikawaka. Shangazi wa bwana harusi hakuonekana hata ukucha.

Bi Inshirahi alibaki mdomo wazi. Hazim akamgeukia Ragia.

"Umemkata mama yangu?"

"Ulisema nisikuulize."

"Mama yangu, Ragia!"

"Ningekuuliza, ungekubali?"

"Basi hiyo Fatiha kasomeni wenyewe!"

Ragia akavaa koti, akatoka. Hazim akapiga simu usiku kucha. Haikupokelewa.

Asubuhi mama akataka kuiona sehemu yake. Hazim akamwashia kompyuta sebuleni, mama zake wadogo wakajazana. Harusi iko katikati, bibi harusi analia, na nyuma yake mwanamke mmoja anatafuna kipande cha keki ya kunafa na kumpungia mkono mpiga picha.

"Huyu punguani nani anayeharibu kilio cha watu?" akauliza Bi Inshirahi.

"Ni wewe, mama."

Mama mdogo mmoja akajifanya anakohoa.

"Na wewe mwongozaji mzima hukuniona?"

"Nilikuona. Niliogopa kukwambia."

"Yule msichana hakuogopa." Akachukua simu yake mwenyewe, akampigia. "Ragia, binti yangu? Ni mama Hazim. Umenisitiri mbele ya watu, Mungu akusitiri. Alhamisi tunakuja."

"Mama, aliyevunja ana mdomo wake. Aseme mwenyewe."

Simu ikatupwa mikononi mwa Hazim.

"Nilikuwa mwoga, nikakutwisha wewe woga wangu. Nisamehe. Uwe mke wangu, Ragia."



"Mama yako amesikia?"

"Amesikia. Na mama wadogo wote."

"Basi nami nimesikia. Msichelewe, baba yangu hapendi kungoja."

Bi Inshirahi akapiga kigelegele, majirani wakafungua madirisha kuuliza nani anaoa.