Ngumi ya Kipkemei

Watu wa Ndalu husema mimi Jerop naongea sana. Ni kweli, sikatai. Hata kanisani pasta akisema tufunge macho, mimi ndiye husikika wa mwisho kunyamaza. Lakini leo niacheni niongee, bana, sababu ninayo.

Haya yalimpata Chelagat, binti ya baba yangu mdogo. Tulilelewa nyumba moja, tukagawana blanketi moja. Aliolewa na Kipsang, wakapanga nyumba Kanduyi, na Chelagat akawa anafundisha kwaya katika shule moja ya hapo. Sauti aliyokuwa nayo, wacha tu. Mimba zake za kwanza ziliharibika. Hii nyingine ilipofika miezi ya mwisho, alikuwa anashika tumbo ananiambia, "Huyu, Jerop, nitamwimbia mpaka aniambie mama nyamaza."

Asubuhi moja Kipsang akapigiwa simu kutoka Kitale. Mama Mohini, mjane wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, alikuwa anafunga duka ahamie kwa binti yake Nairobi, na kwenye chumba cha nyuma kulikuwa na sanduku la mzee wa ukoo wa kina Kipsang. Mzee mwenyewe ni Kipkemei, ndugu ya babu yake Kipsang, aliyepanga chumba hicho mpaka akafia humo. Kipsang alikuwa kazini, tukaenda sisi wawili. Mohini akatupikia chapati na dengu, akatusimulia habari za wajukuu. Tulicheka sana siku hiyo.

Sanduku lilikuwa la bati, limejaa karatasi mpaka kifuniko kinakataa. Huyu mzee alikuwa mtunzi wa muziki. Alisomea ng'ambo, akarudi na muziki ambao hapa hakuna mtu angeuimba: sauti zinagongana, halafu kimya, halafu mchi unatwanga kinuni, halafu kimya tena. Barua zake nazo zilikuwa nakala za zile alizowaandikia waimbaji wake, kwa mwandiko safi. Mmoja wao, mzee alimwambia sauti yake ni ya mbuzi aliyekabwa. Mwingine alimwandikia, "Nimesikia umefiwa na mtoto. Vizuri. Labda sasa utaimba." Nilisoma hiyo nikarudisha kwenye sanduku, nikafuta mikono kwenye leso.

Chelagat hakuziacha. Ndiye alinieleza ule utunzi mkubwa wa mzee. Kwaya inaanza ikiwa nzima, kisha mwalimu anafunga ngumi, sauti moja inakatika. Ikikatika hairudi. Anafunga tena, nyingine inakatika, mpaka ibaki moja, na hiyo pia ikatwe.

"Waimbaji hawakuimaliza," Mohini alisema polepole. "Walimcheka, wakatoka nje. Yeye akakaa hapa miaka yote, anawangoja." Akashika mkono wa Chelagat. "Hii sanduku nimetunza vizuri, lakini jina yake mimi sitaji ndani ya nyumba. Na wewe uko na mimba. Tafadhali."

Chelagat akatabasamu tu. Hakuwa mtu wa kuogopa karatasi. Akazibeba Kanduyi, akawa anazisoma mchana kutwa huku anavumavuma, na jina la mzee halimtoki mdomoni. Kipkemei alisema hivi, Kipkemei aliandika vile, mpaka nikamuuliza kama ameolewa naye.

Mtoto akazaliwa salama, mvulana. Sasa kwetu mtoto hapewi jina hivi hivi. Wanawake wa upande wa baba hukaa chumbani na mama, mtoto ananusishwa ugoro kidogo, wanaita majina ya wafu wa ukoo. Jina ambalo mtoto atalipigia chafya, huyo ndiye amerudi. Aliyeongoza ni mama yake Kipsang, ambaye sote humwita Kogo, pamoja na senge, yaani shangazi yake Kipsang. Mimi nilikuwa narekodi kwa simu nitumie watu wa nyumbani.

Wakaita babu. Wakaita baba ya babu. Mtoto anawaangalia tu. Majina yote ya heshima yakaisha, Kogo akaanza upya. Chelagat alikuwa amelala pale, amechoka, macho yamefumba nusu. Akasema, "Kipkemei."

Mtoto akapiga chafya.

Mimi nikacheka, na nikajikuta nacheka peke yangu. Kibuyu cha ugoro kilikuwa kimemwanguka Kogo mkononi. "Huyo hatumuiti," alinong'ona. "Alikufa na moyo mbaya. Ukoo ulikubaliana asiitwe. Nani amekutuma?"

Mtoto huyo hakulia. Akiwa na njaa halii, akidungwa sindano halii. Alikuwa anasikiliza tu.

Alianza na jogoo. Nilikuwa Kanduyi, naanika nguo, mtoto yuko kwenye mkeka. Jogoo wa jirani akapanda juu ya ua akaanza kuwika. Mtoto akainua mkono. Akanyoosha kidole, akangoja kidogo, akafunga ngumi. Jogoo akabaki mdomo wazi, shingo inatikisika, na hakuna kitu kinachotoka. Chelagat alikuwa mlangoni.

"Hivyo ndivyo tunavyokata kwaya," aliniambia.

Kisha Kogo. Alikuwa anamwogesha mtoto huku analalamika kama kawaida yake. "Mtoto gani huyu asiyelia? Si nyinyi mnampa..." Ngumi ikafungwa. Neno halikuisha. Hospitali walimmulika koo, wakasema koo ni zima, arudi nyumbani anywe maji ya moto.

Kipsang akachukua sanduku akalipeleka nyuma ya nyumba. Alichoma barua, akachoma nyimbo, akachoma picha. Nilisimama hapo mpaka karatasi ya mwisho ikawa jivu. Kogo hakuridhika. Alimvuta Chelagat, akamgusa midomo, kisha akamwonyesha mtoto. Tulielewa. Mdomo uliomwita mzee ndio pekee unaoweza kumrudisha alikotoka. Aite jina lingine, mtoto apige chafya upya.

Wanawake wakakusanyika tena. Jua lilikuwa kali, madirisha wazi. Ugoro ukaletwa. Chelagat akampakata mwanawe, akamtazama usoni, na badala ya kuita jina akaanza kuimba. Ule wimbo aliomwahidi akiwa tumboni. Nafikiri alitaka kwanza mtoto ajue anapendwa. Mimi ningemziba mdomo, lakini moyo uliniuma, nikamwacha.

Mtoto alisikiliza. Kichwa upande. Kidole kikainuka. Alimwacha apande na wimbo mpaka pale juu, pale pazuri kuliko pote.

Akafunga.

Midomo ya Chelagat iliendelea. Alipojua kwamba haitoki sauti, alijaribu jina. Hakuna. Alijaribu tena, mishipa ya shingo imesimama. Machozi yakamdondokea mtoto shavuni.

Mtoto akacheka. Ndiyo mara ya kwanza tulisikia sauti yake.

Siku hizi anatembea. Akikimbilia barabarani, Chelagat hawezi kumwita, hupiga makofi. Kwaya walimpa mwalimu mwingine. Na ukimwambia amwache mtoto kwa watu, anamkumbatia zaidi.

Ile rekodi ya siku ya jina bado ninayo. Niliwahi kuifungua nikitamani sauti ya dada yangu. Haikuwemo. Ya Kogo pia haikuwemo. Mahali pao ni kimya, kisha wengine wanaendelea. Juzi juzi nikaisikiliza tena, senge hayumo. Nikampigia simu, tukaongea vizuri, akanitania kuhusu unene wangu. Chelagat na mtoto wakaenda kumtembelea. Sasa senge hasemi.

Jana Kipsang alinipigia. Wanakuja Ndalu Jumapili, ati mtoto anamtaka yule mama anayeongea sana. Ningekataa vipi? Chelagat amebaki na mimi tu.

Leo asubuhi nimefungua rekodi. Hakuna wanawake. Kicheko changu hakipo. Iko chafya peke yake, na baada yake kitu ambacho siku ile hakikuwa chumbani. Karatasi inageuzwa, kama ukurasa wa wimbo.