Isale Lililokosa Stendi

Jumanne, tarehe 1 Julai 1997, saa tatu asubuhi. Hiyo ndiyo siku mambo yangu yote yalipoharibika, na yaliharibikia kwenye kamba ya katani.

Mgambo wawili walikuwa wameifunga kukatiza barabara, pale unapoanza kuingia Moshi mjini. Mimi nipo kwenye usukani wa kifodi, pikapu ya tajiri mmoja wa Himo. Nyuma nina abiria na mikungu ya ndizi kutoka Kirua Vunjo. Mbele yangu, juu ya dashibodi, nimelaza isale.

"Geuza!" mgambo akanipigia kelele.

"Nigeuze niende wapi? Stendi iko mbele."

"Ilikuwa mbele. Kuanzia leo iko kule bondeni, uwanja mpya."

"Nani kasema?"

"Tangazo limebandikwa."

"Limebandikwa lini?"

"Leo."

Mama mmoja akachungulia kutoka nyuma ya turubai.

"Sasa sisi tuliotoka Kirua alfajiri tungelisoma wapi? Kwenye mgomba?"

Abiria wakacheka. Mgambo hakucheka.

"Afande, nakuomba," nikasema. "Kuna mtu ananisubiri stendi. Mwisho saa nne. Ona, nina isale."

Akalitazama lile jani refu la kijani, kisha akanitazama mimi.

"Kwani hilo ndiyo leseni?"

Nikajua huyu si wa huku. Mtu wa mlimani hawezi kuuliza hivyo. Kwetu ukimkosea mtu ukamletea isale, hakatai. Hata kama ulimwaga damu, akiliona isale mkononi mwako anakaa chini mnazungumza. Wanaolikataa wanajulikana, na yaliyowapata yanajulikana.

Mimi nilikuwa nampelekea Salvina.

Mke wangu wa kwanza, Zita, alinifia mwaka 1993. Alifia kwenye tope, gari limezama hadi milangoni, tukimkimbiza Mawenzi hospitali. Barabara ile wakubwa walituahidi kifusi kila uchaguzi, na kila uchaguzi tuliwapigia makofi. Kifusi kilikuja baada ya mazishi. Tangu hapo sijampigia mkubwa makofi.

Nilikaa miaka mitatu kama gogo. Salvina ndiye aliyenifanya nicheke tena. Alikuwa anauza mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, kwenye kibanda cha mabati pale stendi ya zamani, mwanamke wa Mkuu, Rombo, mwenye mdomo mkali na mkono mwepesi wa kuongeza nyama. Tulishakubaliana kuoana. Halafu Ijumaa ya kabla ya Jumanne hiyo nikafika nimechelewa, nina hasira za barabara, nikaonja mtori mbele ya benchi zima nikasema:

"Umepoa huu. Zita hakuwahi kunipa chakula cha baridi."

Vijiko vyote vikasimama hewani.

"Basi nenda ukale kwa Zita," Salvina akasema.

Watu walipoondoka nikamsogelea.

"Nisamehe, Salvina. Ulimi umeteleza."

"Umeniweka kwenye mizani na marehemu, Sirili. Marehemu siwezi kushindana naye. Yeye hakosei tena."

"Nimesema nisamehe."

"Si kwa mdomo. Mbele za watu umenivua, mbele za watu utanivika. Unajua kuna mtu wa Tarakea ameshapeleka mbege ya posa nyumbani kwetu. Jumanne kaka Valerian anakuja hapa kuchukua jibu langu. Lete isale kwenye benchi hili kabla ya saa nne, nitamwambia kaka mimi nina mume. Usipoleta, napanda naye gari la Rombo."

"Nitaleta hata kwa kutambaa."

"Usitambae. Wahi tu."

Basi ndiyo hiyo Jumanne. Nikageuza gari kwenda kwenye hiyo stendi yao mpya. Uwanja wa vumbi! Hakuna choo, hakuna kivuli, hakuna hata bomba la kunawa. Kilichokuwapo ni jiwe la uzinduzi lenye jina la mgeni rasmi, limepakwa rangi vizuri. Na mgambo mwingine mwenye daftari:

"Hakuna kuacha gari mpaka uandikishwe. Panga foleni."

Magari hamsini, kalamu moja. Nilipotoka pale ilikuwa saa nne na robo. Nikafunga gari, nikashika isale, nikakimbia. Mwanamume wa miaka arobaini na moja, natimua mbio katikati ya mji na jani mkononi. Wenye kulijua walinipisha. Mzee mmoja alivua kofia.

Nikafika stendi ya zamani. Kibanda hakuna. Mabati yamekunjwa kama karatasi, benchi limepasuliwa, mtori umemwagika chini na mbwa anaulamba. Dereva mwenzangu, Gidioni, alikuwa amesimama pale ameshika kiuno.

"Sirili! Umepita wapi wewe?"

"Salvina yuko wapi?"

"Walimvunjia alfajiri. Akakaa juu ya kifusi chake anakusubiri, amegoma kuondoka. Saa nne ilipopita akasikia magari ya Kirua yamepelekwa kule. Ameenda kule kukutafuta, na kaka yake!"

Nikarudi mbio. Nilifika gari la Rombo limeshatoka, vumbi lake bado halijatua. Muuza machungwa akaniita.

"Wewe ndiye mwenye kifodi hiki? Kuna mama mmoja mwenye sufuria amekizunguka mara tatu. Yule kaka aliyekuwa naye akamwambia, 'Twende. Amekuona akajificha.'"

Jumapili nikapanda Mkuu. Valerian alinikuta getini kwao. Yeye alikuwa karani wa ofisi mojawapo pale mjini, mtu wa kidato cha nne, shati jeupe, kalamu mfukoni. Mimi niliishia darasa la nne.

"Shemeji, nimemletea Salvina isale. Siku ile..."

"Umechelewa, bwana. Ameshachukuliwa Tarakea."

"Ndani ya siku tano?"

"Watu wenye nia hawachelewi. Huyo sasa ni mke wa mtu. Usimharibie."

Ukishaambiwa mke wa mtu, utasema nini? Nilirudi na jani langu. Nikalichomeka ardhini pembeni ya geti langu Kirua, kwa hasira tu, kama mtu anayechoma kisu. Likashika. Sikupita tena njia ya Rombo, hata kwa mazishi.

*

Miaka saba ikapita. Isale likawa kichaka kirefu kuliko mimi. Hata sisi kina Sirili tukapata simu za mkononi. Mwezi wa sita mwaka 2004 nikapigiwa na namba nisiyoijua.

"Haloo, nani?"

Nikasikia kelele za soko tu.

"Ongea basi, vocha inakwisha."

"Si yako, ni yangu. Sirili, nina swali moja. Siku ile ulikuwa na isale mkononi?"

Sauti ile ningeijua hata kaburini.

"Mke wa mtu unanipigia ya nini?"

"Mke wa nani?"

"Wa Tarakea."

"Nani kakwambia mimi niliolewa? Yule mtu nilimkataa siku ileile. Nauza mtori sokoni Mkuu, miaka saba. Jana amekula hapa dereva mgeni wa njia hii, Gidioni, akanitambua, akanipa namba yako. Akaniambia, 'Yule bwana alikimbia mji mzima na isale kama mwendawazimu.' Nijibu. Ulikuwa nalo?"

"Nilikuwa nalo. Na Jumapili yake nilikuja nalo mpaka getini kwenu."

"Nilikuwa misa ya pili," akasema polepole. "Uliongea na nani?"

"Na Valerian."

Simu ikakatika. Baada ya dakika kumi ukaingia ujumbe:

*Njoo Jmosi. Na isale. Usishuke stendi yoyote, shukia kwa kaka.*

Jumamosi nikakata jani kutoka kichaka kilekile. Nilimkuta Salvina amesimama uani kwa Valerian, amenenepa kidogo, mvi mbili tatu, macho yaleyale. Alikuwa ameita majirani sita, amewakalisha kwenye benchi. Nikaelewa.

Nikamnyooshea kwa mikono miwili.

"Salvina, nilikukosea mbele za watu."

Akalipokea. Akalinusa.

"Limechelewa miaka saba."

"Lilikuwa njiani."

Benchi likacheka, na yeye akajifuta machozi kwa kanga huku akicheka. Halafu akageuka, kicheko kikaisha.

"Kaka. Sasa zamu yako."

Valerian hakuwa tena na shati jeupe. Walimpunguza kazini mwaka 2000 pamoja na wenzake, na ile kalamu wakamwachia.

"Dada, tuyaongee ndani..."

"Mimi nilivunjiwa nje. Sema nje."

Akakohoa.

"Tangazo la kuhamisha stendi nililipiga chapa mimi. Ijumaa."

"Ijumaa ipi?" nikauliza.

"Ile ya kabla ya Jumanne."

"Ulijua siku nne nzima?"

"Wakubwa walisema lisitoke mpaka siku yenyewe. Walisema watu wa vibanda wakijua mapema watagoma, watakimbilia mahakamani. Tuliapishwa."

"Na ulijua mimi nina kibanda?" Salvina akauliza.

"Nilijua."

"Ukajua vyungu vyangu vitavunjwa, ukalala ukaamka?"

"Nilijua pia kwamba gari la Sirili litazuiwa. Nikaona... nikaona Mungu amenisaidia. Dada yangu aolewe na dereva wa kifodi, gari lenyewe si lake, mjane, hajui hata kusoma barua? Yule wa Tarakea alikuwa na duka."

"Duka!" jirani mmoja akasema. "Si lilifilisika?"

"Nyamaza wewe," mwingine akamkanyaga mguu.

Nilitaka kumrukia. Miaka yangu saba ilikuwa imesimama pale mbele yangu imevaa kandambili. Lakini Valerian akaenda kwenye ua wake, akakata majani mawili ya isale, akarudi akaninyooshea moja kwa mikono miwili. Ameshakufunga. Utafanyaje? Mimi ni mtu wa mlimani. Nililipokea, meno yamebana.

La pili akamnyooshea dada yake. Salvina hakulipokea.

"Lishike kwanza."

"Dada..."

"Lishike. Mimi nimeshika miaka saba, wewe huwezi dakika tano?"

Akamwacha amelinyoosha hivyo mpaka majirani wakaanza kutazama chini. Ndipo akalichukua.

"Nimekusamehe kwa sababu ni isale. Lakini nina kazi nitakupa, kaka."

*

Ndoa tumeipanga Jumamosi tarehe 25 Septemba, kanisani Kirua. Paroko ameshatangaza mara mbili. Watu wa Rombo watakuja wengi, watashukia Moshi wabadili magari ya Kirua. Tukaenda kwa mchapa kadi mjini, dada mmoja anaitwa Brenda, ana kompyuta.

"Chini hapa tunaweka maelekezo," akasema. "Wageni kutoka Rombo watashukia stendi gani?"

Nikatazamana na Salvina. Wiki hiyo mji mzima ulikuwa unasema stendi inahama tena. Wengine wanasema inarudi ilikotoka, kwenye vibanda vilivyovunjwa. Wengine wanasema ya Rombo itatengwa peke yake. Wengine wanasema kuna ramani imeletwa, na aliyeiona hajulikani.

"Acha nafasi wazi," Salvina akamwambia Brenda. Kisha akampigia kaka yake.

"Valerian, kazi yako ndiyo hii. Wewe ulikaa ofisini kwao, unajua milango. Nenda ukaulize: tarehe ishirini na tano Septemba, magari ya Rombo yatashushia wapi? Usirudi bila jibu."

Ameenda mara tatu. Kwa miguu, nauli hatumpi. Mara ya kwanza aliambiwa mhusika yuko semina. Mara ya pili aliambiwa aandike barua, na jinsi anavyojua kupiga chapa akaandika nzuri. Jana amerudi mara ya tatu.

"Wamesemaje?" nikamuuliza.

"Wamesema tutajulishwa."

"Lini?"

"Hawajasema."

"Shemeji, niangalie. Na safari hii kuna karani ameshapiga chapa tangazo?"

Akainamisha kichwa.

"Mashine nilikuwa naisikia chumba cha pili. Walifunga mlango."

Nilicheka, lakini kicheko kilikuwa kichungu kama shubiri. Valerian alinivunjia maisha akaja na isale, nikampokea. Waliomtuma wao, tangu barabara ya Zita mpaka vyungu vya Salvina, sijamwona hata mmoja kashika hata jani la mgomba.

Leo asubuhi Salvina alikuwa ananipakulia mtori, wa moto, unaniunguza midomo na ninanyamaza, simu ikalia. Ujumbe wa Brenda. Salvina akanisomea, maana miwani sina:

*Shikamoo mzee Sirili. Kadi mia mbili ziko tayari kwenye mashine, umebaki mstari mmoja tu. Wageni washukie wapi?*