Boti Isiyo na Mtu

Asubuhi hiyo fundi wa nyavu alikuwa barazani, akiziba tundu ambalo kichwa cha mtu kingepita. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, akaja mbio. Suruali imelowa hadi mapajani.

"Shem, njoo uone nilichookota."

"Juzi uliokota boya bovu ukaliita mali."

"Leo ni boti. Haina mtu. Haina hata pa kukaa."

Kweli, boti ya rangi ya chungwa ilikuwa imefungwa gatini. Shemeji aliikuta nje ya ghuba, inajiendea taratibu peke yake, akaivuta. Wavuvi wa pale wana desturi yao: ukikuta chombo hakina mtu, kivute pwani, kifunge, kifunike, mwenyewe aje akikute salama. Basi naye akaifunika kwa turubai, mpaka juu ya kile kimlingoti chake.

"Jua lisimharibie mwenyewe," alisema, kifua mbele.

Saa sita mchana simu ya fundi ikalia. Alikuwa mumewe, aliyetoka peke yake alfajiri.

"Mke wangu, mashine imezima. Maji yananivuta kwenye mwamba wa nje. Waambie..."

Simu ikakatika.

Fundi akawapigia walinzi wa pwani huku akikimbilia gatini. Hazikupita dakika tano, gari lao likasimama gatini. Akashuka afisa mmoja, mwanamke, ameshika kioo cha kuonyesha picha, kipana kama sahani.

"Mama, wenzangu wamenipa habari za mzee. Boti yetu ya doria iko mbali, itachukua saa nzima. Iliyo karibu ni ile yetu isiyo na mtu, nayo ndiyo niliyokuwa naitafuta. Imepotelea hapa hapa tangu asubuhi."

Shemeji akauliza, "Ya rangi gani?"

"Ya chungwa."

Wote wakageukia turubai.

"Haijapotea," shemeji alisema polepole. "Imelala."

Afisa akalivuta turubai. "Wema wako nauona, kaka, lakini umemfunga mlinzi macho na masikio. Hizi ni kamera. Hii ni antena. Wenzangu wako kituoni, wanaiongoza kwa mbali. Inazunguka pwani kuangalia wanaopitisha magendo, wanaovua kwa baruti, na waliopatwa na shida kama mzee. Haichoki wala haisinzii."

"Na nikikutana nayo tena?"

"Ipishe. Usiivute, usiifunike, usiitegee nyavu mbele. Ukiona imekwama, piga namba iliyoandikwa ubavuni."

"Mtafundishana baadaye," fundi alisema. "Mume wangu yuko majini."

Akachomoa kisu cha nyavu, akakata kamba. Boti ikanguruma, ikajigeuza yenyewe, ikatoka mkuku, povu jeupe nyuma. Watu gatini wakaanza kuikimbilia ukingoni kama wanashangilia mpira.

Kwenye kioo yalionekana maji tu. Maji, maji. Kisha kitu cheusi. Kisha mtu, anatoa maji chomboni kwa sufuria, na mwamba uko nyuma yake, karibu.

"Ndiye," fundi alisema. "Hilo shati nimelishona mimi."

Boti ikampita mbele, inaburuta kamba ndefu yenye boya. Afisa akakisemea kioo, sauti yake ikatokea kwenye spika ya boti: "Mzee, kamata kamba. Ifunge mbele ya chombo chako, kisha ushikilie."

Akaikosa. Boti ikazunguka tena. Akaipata, akaifunga.

Polepole, mwamba ukaanza kubaki nyuma. Gati zima likapumua. Shemeji alikuwa keshawarekodia wavuvi wote ujumbe wa sauti: "Jamani, boti ya chungwa ina mwenyewe. Msiivute. Nimeshavuta mimi kwa niaba yenu."

Fundi akachukua simu yake, akaandika: "Tunakuona. Njoo taratibu, nguo kavu ninazo."

Akatuma. Akasubiri.  Kwenye kioo, mumewe alikuwa ameishika ile kamba kwa mikono yote miwili.